Kijiji cha Siku Sita

Kila Alhamisi, saa tatu na dakika hamsini asubuhi, karani wa kijiji alivua viatu, akavipanga juu ya kabati la chuma, akapandisha na daftari la vizazi, daftari la vifo na mhuri, kisha akakunja suruali mpaka magotini na kukaa juu ya meza yake kuungoja mto. Mto uliingia saa nne. Ulipita mlango wa mbele kama mtu mwenye barua ya kugongewa mhuri, ukapita chini ya meza, ukalizunguka kabati na kutokea dirisha la nyuma, ambalo fundi alikuwa amelipanua hadi sakafuni kwa ajili hiyo. Haukuvunja kitu. Mwaka wa kwanza uliwahi kuondoka na kiti. Alhamisi iliyofuata ulikirudisha, kimepungua mguu mmoja, na karani akauandikia mto barua ya kupokea.

Siku nyingine sita mto ulikaa mahali pake, hatua mia mbili na kumi kutoka ofisini, kati ya nyumba za watu na shamba la mahindi. Aliyekuwa na shida ofisini alivushwa na mvushaji, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mabega kama ya mbeba magunia, mwenye mtumbwi mmoja na maneno mengi. Alhamisi mambo yaligeuka. Watu walivuka mkondo mtupu kwa miguu, wakakata shamba, wakafika ofisini na kuukuta mto umewatangulia. Kwa hiyo mvushaji aliukokota mtumbwi kwa kamba mpaka pale, akawa anavusha watu kutoka mlangoni hadi mezani kwa karani. Ilikuwa safari ya makasia mawili.

"Kaa katikati, shemeji," alikuwa akisema. "Ukiniegemea kushoto tutaingia kabatini, na humo mna faili lako."

Historia ya kijiji ilijulikana na kila mtu, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuiandika.

Zamani mto ulipita palepale ilipo ofisi. Kutoka kwenye nyumba kwenda majini mtu alilazimika kulipita shamba la mahindi, upana wake wote. Mkuu wa kijiji wa wakati ule, baba yake mwenyekiti wa sasa, aliwaonea huruma akina mama na ndoo zao. Akaamuru uchimbwe mtaro huku kwenye nyumba, ili maji yasogee. Kila mwenye mikono alichimba. Walichimba kila Alhamisi, Alhamisi sitini na moja, na ile ya mwisho wakabomoa ukingo. Mto uliingia mtaroni kuchungulia, ukaona pana nafasi, ukahamia wote. Maji yakawa yamesogea kama ilivyoahidiwa. Hakuna aliyedanganywa. Yalisogea kwa upana wa shamba moja.

Kanuni za kijiji zilikuwa zimeshapakwa rangi ubaoni mwaka mmoja kabla. Kanuni ya saba ilisema ardhi iliyo huku ni ya mwenye kuilima, na ardhi iliyo ng'ambo ni ya uongozi. Asubuhi ile shamba liliamka liko ng'ambo.

Lilikuwa shamba la mama yake mvushaji na mumewe. Mama huyo ndiye aliyechimba kuliko wote. Alichimba akiwa na mimba ya mvushaji, akawaacha nyuma wanaume wanne, akapewa zawadi ya jembe jipya na kupigiwa makofi, kisha akakosa pa kulitumia. Tangu siku hiyo kijiji kizima kinamwita Bibi Mshindi. Mumewe alifariki wiki ya Alhamisi ya sitini, akazikwa shambani kwake, penye kivuli. Wiki moja baadaye maji yalifunguliwa, na kaburi likabaki upande wa pili.

Mto ulitulia katika mtaro miaka arobaini na tisa. Kisha ikajengwa ofisi mpya kwenye mkondo wa zamani, kwa kuwa pale hapakuwa na mtu wa kuhamishwa, na Alhamisi ya kwanza baada ya utepe kukatwa mto ulirudi kwao. Saa kumi na mbili jioni ulirejea mtaroni. Akaja mtaalamu wa maji kutoka mjini na fimbo yenye namba, akapima siku mbili, akaandika kwamba mto una afya nzuri.

Wanakijiji hawakuwa na tatizo na mto. Tatizo lao lilikuwa Alhamisi yenyewe. Mtaro ulipobaki mtupu, mwenyekiti alipiga filimbi na kila mtu akashuka na jembe kuzoa tope, kama walivyofanya wazazi wao. Watu waliichukia Alhamisi kuanzia Jumanne.

Mvushaji peke yake ndiye aliyeipenda. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili mto ulikuwa ofisini, kwa hiyo shamba lilikuwa huku, kwa hiyo lilikuwa la mwenye kulilima. Kila alipopata nafasi kati ya abiria, alishika jembe akapalilia shamba la wazazi wake. Ijumaa lilikuwa la mwenyekiti tena, safi, halina hata jani la magugu. Mwenyekiti alimshukuru kila Ijumaa, kwa adabu, na aliposahau alimtuma karani amshukuru.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka wilaya ilipotangaza kwamba kila kijiji lazima kiwe na historia ya kurasa mbili. Kijiji kisicho na historia kingehesabiwa kuwa ni kitongoji. Akaletwa bwana mmoja mpole, mwenye mkoba na fomu, na kabla hajatua mkoba watu wakawa wameshampa jina: Bwana Historia. Alifika Alhamisi, saa tano, akavushwa hadi mezani akiwa ameshika viatu mkononi. Ndani ya mtumbwi alimkuta Bibi Mshindi, umri miaka tisini na moja, amevaa nguo za kutokea.

"Karani, baba," alisema Bibi Mshindi, "nimekuja kuandikisha kifo."

"Pole sana, bibi. Nani katutoka?"

"Mimi."

Karani alimtazama juu ya miwani. "Lini?"

"Alhamisi ijayo, saa sita mchana. Nataka mpaka saa kumi na mbili niwe nimeshafukiwa na udongo umekandamizwa. Mto usije ukanikuta nusunusu."

"Bibi, fomu ya kifo hujazwa baada ya tukio."

"Baada ya tukio nitapata nafasi ya kuja hapa?"

Karani alitafuta jibu katika droo, akapata fomu. "Sababu ya kifo?"

"Nimetosheka."

Karani akaandika. Mvushaji alikuwa ameushika mguu wa meza ili mtumbwi usiondoke na maji. "Mama, si tulisema utakwenda baada ya mavuno?"

"Mavuno ya nani, mwanangu? Yale ya Ijumaa?"

Bwana Historia aliuliza kwa upole kwa nini iwe Alhamisi. Bibi Mshindi alimweleza kama anavyoelezwa mgeni njia ya kwenda kisimani. Kanuni ya kumi na mbili ilisema mwanakijiji huzikwa huku. Mumewe alikuwa ng'ambo siku sita za wiki, na siku moja alikuwa huku. Yeye alitaka kulala karibu na mumewe. Mume huyo alikuwa akikoroma, lakini yeye alishamzoea.

"Na kanuni ya kumi na tatu," karani aliongeza, kwa sababu alizijua zote na mara chache mtu alimuuliza, "inasema shamba lenye makaburi mawili ya ukoo mmoja halihamishwi kwa mwingine. Milele."

Maji yaliendelea kupita chini ya meza.

Mlango wa chumba cha ndani, chenye ngazi mbili, ukafunguka. Mwenyekiti alitoka na ndara zake. Alikuwa mtu mwenye uso mchangamfu, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti kwa kuwa hajawahi kuhitaji.

"Mama yangu," alisema, "unakwenda wapi na siha yote hii? Hata sisi vijana hatukufikii."

"Wewe mtoto, nimekubeba mgongoni ukinilowesha," alisema Bibi Mshindi. "Usinipangie siku ya kufa."

"Nani athubutu, mama?" alisema mwenyekiti, akarudi ndani na kufunga mlango taratibu.

Mkutano mkuu uliitishwa Jumapili. Watu wazima wote wa kijiji walihudhuria, mia tatu na watatu. Ajenda ilikuwa moja. Mwenyekiti alisimama mbele akaeleza kwamba uongozi umesikia kilio cha wananchi. Tangu ofisi ijengwe watu wanachoka na kazi ya Alhamisi, migongo imepinda, na wakati umefika wa kuling'oa tatizo na mizizi yake. Uongozi ulipendekeza Alhamisi iondolewe katika wiki za kijiji. Baada ya Jumatano itakuwa Ijumaa.

Karani aliinua kalamu. "Mwenyekiti, na siku yenyewe tuipeleke wapi?"

"Haiendi popote. Itapita tu, ila haitaandikwa."

"Watu watafanya nini humo ndani?"

"Watakachopenda. Nani atawauliza?"

Watu walipiga vigelegele. Mzee mmoja wa nyuma alisema ingefaa na Jumatatu nayo iangaliwe. Mwenyekiti akainua mkono kuomba utulivu. "Wanaotaka kazi ya Alhamisi ife, wanyooshe mikono!"

Mvushaji aligeuka kumwambia mama yake kitu, akachelewa. Bibi Mshindi alikuwa ameshanyoosha mkono, na ili pasiwe na shaka alikuwa amenyoosha yote miwili.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nini na nini? Wewe ulichimba? Mimi nilichimba Alhamisi sitini na moja, na wewe tumboni unanipiga mateke. Acha ife!"

"Mama, ndiyo siku yako hiyo."

Bibi Mshindi alifikiri kidogo. Akashusha mikono, lakini karani alikuwa ameshapita mstari wao. Alihesabu mikono mia tatu na mitatu. Mvushaji hakuwa amenyoosha wake, ila wa pili wa mama yake ulijaza pengo, na azimio likaandikwa kwamba limepita kwa kauli moja ya watu wote.

Wiki hiyo Jumatano ilikwisha kama kawaida. Ikafuata siku. Jua lilichomoza, jogoo wakawika, na saa nne kamili mto ulitoka mtaroni ukaenda ofisini, maana haukuwa umealikwa mkutanoni. Bibi Mshindi alioga, akavaa nguo zake za kutokea, akaingia mtumbwini. Mvushaji akamkokota ndani ya mtumbwi, juu ya tope la mkondo mtupu, mpaka shambani. Kaburi lilikuwa tayari, amelichimba mwenyewe mvushaji jana yake kwa vipimo vya mama. Bibi Mshindi alilala kando ya kaburi hilo kwenye majani, akafumba macho, akaweka mikono kifuani.

Saa sita ikapita, na saa saba ikapita. Saa nane alifumbua jicho moja.

"Vipi, mama?"

"Hapafunguki."

"Pumzika, jaribu tena."

Alijaribu tena. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu maisha yake yote, na sasa utaratibu haukuwa na tundu. "Nikisukuma huku naona Jumatano," alisema, "nikisukuma huku naona Ijumaa. Katikati ni ukuta. Nitapita wapi?"

Mvushaji alimwacha mama kivulini, akaenda ofisini kwa miguu, maji yakimfika magotini. Karani alikuwa juu ya meza, suruali imekunjwa, akisoma gazeti la Jumatano. Daftari la vifo lilikuwa limefungwa.

"Shemeji karani, mama yangu ameshindwa kufa."

"Nimesikia. Hata angeweza, ningemwandika ukurasa gani? Jumatano imejaa, Ijumaa haijafunguliwa." Alishusha gazeti. Alikuwa mtu mwema, na jambo lile lilimkera kama mstari uliopinda. "Nenda ndani. Yumo."

Mwenyekiti alikuwa amekaa na miguu juu ya kiti. Mto ulipita chini ya ngazi zake bila kumgusa.

"Mwenyekiti, mrudishie mama siku yake."

"Dada yangu, karibu. Lakini leo ofisi haijafunguliwa."

"Mbona uko ndani?"

"Nipo. Ila leo haipo. Njoo kesho tuzungumze, Ijumaa."

"Ijumaa shamba litakuwa ng'ambo."

"Ndiyo hivyo." Alimtazama kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililomkasirisha mvushaji kuliko yote. "Mimi ni nani niitengue kauli ya kijiji kizima? Tena mama yako ndiye aliyeiunga mkono mara mbili. Kama ana haraka, mwambie afe Ijumaa. Nitampa nafasi nzuri makaburini, karibu na mashine ya kusaga. Nitatoa hotuba mwenyewe."

"Hataki hotuba. Anataka mumewe."

"Basi angoje."

Ijumaa Bwana Historia aliwasomea watu kurasa zake mbili. Palipoandikwa Mashujaa alikuwa amemweka marehemu mkuu wa kijiji, aliyewasogezea wananchi maji. Mvushaji aliuliza mtaro ulichimbwa na nani. Bwana Historia akasema mistari ya mashujaa ilikuwa miwili, na jina la marehemu na cheo chake lilijaza yote. Aliona aibu kidogo, akaahidi kutafuta nafasi penginepo. Palipoandikwa Mila na Desturi alieleza kwamba tangu enzi na enzi wiki ya kijiji hiki ina siku sita. Palibaki mahali pamoja patupu, Vivutio, nafasi ya mistari mitatu. Hapo akaandika: mto unaopita ofisini, na bibi asiyekufa. Alimtazama mvushaji kuona kama amefurahi.

Wanakijiji nao walingojea kupumzika. Tope lilijaa mtaroni, likaanza kunuka, na mwenyekiti akapiga filimbi. Kazi ilikuwa imehamishiwa Ijumaa. Ijumaa mtaro una maji, hivyo sasa wanazoa tope huku wamezama mpaka kifuani, na yule mzee aliyetaka Jumatatu iangaliwe hushikwa na mafua kila wiki.

Tangu hapo imepita miaka kumi na mitatu. Mwenyekiti alifariki Jumanne moja, bila shida yoyote, akazikwa ng'ambo, shambani, kwa kuwa yeye ni uongozi. Mwaka uliofuata mkewe alimfuata, akalazwa kando yake. Karani alifungua kanuni ya kumi na tatu, akahesabu makaburi mawili ya ukoo mmoja, akagonga mhuri, na shamba halihamishiki tena. Mwana wao mkubwa ndiye mwenyekiti sasa, naye ana uso mchangamfu. Kaburi la mumewe Bibi Mshindi liko hatua tatu kutoka kwao. Karani aliuliza kwa maandishi kama na hilo lihesabiwe, akajibiwa kwamba moja si ukoo.

Siku ile inayokuja baada ya Jumatano haijarudishiwa jina. Watoto waliozaliwa ndani yake hawana siku ya kuzaliwa na hawaoni upungufu. Wageni hufika kwa ajili ya vivutio, hupiga picha mto ukiingia mlangoni, kisha huelekezwa shambani wakamwone bibi aliyelala kando ya kaburi na mikono kifuani. Wasipokanyaga mahindi, huwasalimia bila kufumbua macho.

Bibi Mshindi ana miaka mia moja na minne. Kila wiki bado hulala pale kuanzia saa nne, hujaribu mara mbili au tatu, na wakati uliobaki humpa mumewe habari za kijiji. Mvushaji hukaa karibu akipalilia. Kwenda, humkokota mama juu ya tope. Kurudi, wanangoja mto urejee mtaroni saa kumi na mbili, halafu wanavuka kwa kasia.

Ila mvushaji sasa ana miaka sabini na mmoja. Msimu huu mabega yamekataa, na mara mbili amesimama katikati ya mkondo mtupu, kamba mkononi, akihema. Yeye hana tatizo na siku. Anaweza kufa Jumatatu, anaweza kufa Jumamosi, kurasa zipo. Wiki iliyopita walikaa ukingoni wakitazama maji yakipanda kuuinua mtumbwi, na ni mama aliyeanza.

"Mwanangu, ukienda wewe, nani atanivusha?"

Mvushaji alilisugua bega.

"Lete hilo kasia," alisema Bibi Mshindi.

Alikaa nyuma, penye nafasi ya mvushaji, na mvushaji akakaa katikati, kama abiria, mikono mapajani, hajui aiweke wapi. Mama akapiga kasia. Mikono ile ya kuchimba ilikuwa bado na nguvu za kutisha, ila yote upande mmoja. Mtumbwi ukazunguka, ukatazama shambani tena.

"Upande wa pili nao, mama. Polepole. Usishindane na mtu."

"Nani anashindana?"

"Haya, tena."

Walizunguka mara nne kabla hawajafika katikati ya mto.